Mbwa Namba Arobaini na Moja

6 Januari

Mdogo wangu,

Pokea salamu, umpe na Baba za kwake, na zikibaki umpe Baba Mdogo, kama bado anakuja kwenu kila Jumapili kula na kuondoka bila kuosha sahani. Mimi ni mzima. Safari ya siku nane iliniumiza mgongo lakini umeshapona. Chumba nilichopata kiko ghorofa ya pili nyuma ya kiwanda cha sabuni, kwa hiyo dirisha nalifungua alfajiri tu, kabla harufu haijaamka.

Uliniuliza kazi yenyewe ni ipi. Baba nilimwambia ni ukarani katika idara ya afya, na sikumdanganya. Wewe nikueleze zaidi. Mji huu una kichaa cha mbwa. Mbwa wazururaji, na wale walioumwa na mbwa mgonjwa, huletwa kwenye banda letu. Namfunga kila mmoja kipande cha bati chenye namba shingoni, naandika kwenye daftari rangi yake, alikokamatwa na sababu. Saa nane mchana nawaleta mmoja mmoja kwa mdunga sindano. Anadunga, wanakufa, naandika saa.

Huyo mdunga sindano ni mtu mzima mwenye sauti ndogo. Tunamwita Bwana Pole, kwa kuwa humwambia kila mbwa "pole" kabla ya kumdunga. Hajui kusoma. Kila asubuhi anaweka dole gumba kwenye ukurasa mzima, mstari kwa mstari, kabla kazi haijaanza, maana baadaye mikono yake huwa na dawa na anachafua karatasi. Nilimwambia huo si utaratibu. Akacheka. "Karani, umewahi kuona mbwa akitoka humu kwa miguu yake?"

Sasa nina swali kwa Baba, lakini muulize kama lako. Katika ahimsa, ule wajibu wetu wa kutodhuru kiumbe, mtu anayeandika tu ana sehemu gani katika kile anachoua mwingine? Usimwambie nimeuliza mimi.

Kaka yako


29 Januari

Kaka, shikamoo.

Sisi tupo. Cherehani imekatika mkanda, nimeifunga kwa kamba ya viatu na inashona kama kawaida, ila inapiga kelele ya mtu anayesaga meno. Baba Mdogo anasema sahani ataosha siku utakayorudi. Baba kifua kinambana asubuhi. Mchana anakaa mlangoni na lenzi yake jichoni akijifanya anatengeneza saa.

Swali lako nimelifikisha. Alifurahi mno. Tangu kifua kimwondoe kwenye kusoma maandiko hekaluni, watu hawamuulizi kitu isipokuwa saa ngapi. Anasema sisi Wahindu tumelitafuna neno ahimsa mpaka limebaki maganda: mtu hali nyama, haui mende, basi anajiona amefika. Anasema neno lenyewe linakataa nia ya kudhuru, ndiyo kiini chake. Madhara yana milango mitatu, mkono, ulimi na moyo. Na wahusika ni watatu: anayetenda, anayetendesha, na anayetazama akaridhika. Kwa hiyo mwandishi yumo, Kaka. Samahani.

Kisha akakohoa, nikadhani amemaliza, kumbe bado. Akasema daktari anayekata mguu uliooza anatapakaa damu hadi viwikoni na hajadhuru hata chembe, na mwingine anakaa safi maisha yake yote naye ndiye mdhuru. "Tazama moyo unataka nini." Nikamwambia, na askari je? Akasema hilo wazee wa dini wamelibishania karne nyingi, kwamba hakuna wajibu mkubwa kuliko ahimsa, na bado kuna siku wajibu unamtaka mtu asimame apigane. Hawajamaliza, na yeye hatalimaliza kabla ya chai.

Halafu akaniuliza, "Huko anakofanya kazi wanaandika nini?" Nikasema karatasi za afya. Akanitazama kwa lile jicho lenye lenzi.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Nunua mkanda mpya, hiyo kamba itakukata kidole. Huku mvua imeingia chumbani kupitia ukuta wa jikoni, nimehamisha kitanda hatua mbili. Msalimie Baba, mwambie anywe dawa kabla ya kula, si baada.

Nina kisa cha kumsimulia. Mwenzangu mmoja wa zamu nyingine alikuwa na mbwa jike wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Alikuwa ameumwa na mbwa mgonjwa, na sheria ni kwamba wa namna hiyo lazima afe. Lakini alikuwa mzima kabisa. Anakula, anatingisha mkia, analamba vidole kupitia wavu. Mwenzangu huyo hakumpeleka kwa sindano. Aliwapeleka wengine, akamwacha huyu, na watu walipoondoka akamfungulia mlango wa nyuma. Kitabuni ameandika amekufa saa nane na nusu.

Anasema tangu siku hiyo anajisikia mwepesi, kama mtu aliyevua koti lililolowa. Namuuliza Baba: si hiyo ndiyo ahimsa yenyewe? Maana hapa mkono, ulimi na moyo vyote vilikwenda pamoja.

Barua zenu zinanifaa kuliko unavyodhani.

Kaka yako


15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mkanda nimenunua. Nashona sare za shule nzima, sitini na nne, na nimekata mikono yote ya kushoto mara mbili kwa kuwa Baba alikuwa ananihubiria. Ukikutana na mtoto mwenye mikono miwili ya kushoto ujue ni kazi ya familia yetu.

Baba hashuki tena mlangoni. Analala upande mmoja, anasema upande mwingine una maji.

Kisa nimemsomea mara mbili. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili hakutabasamu. Akasema, kwanza, ulimi haukwenda pamoja na vingine, kwa kuwa kitabuni kumeandikwa uongo. Na akasema nikuandikie swali hili neno kwa neno: "Huyo mtu alimwachia mbwa kwa ajili ya mbwa, au kwa ajili yake mwenyewe?" Nikamwambia Baba, kuna tofauti gani, mbwa si amepona? Akasema tofauti itaonekana siku mbwa akiugua. Kama alimwachia kwa huruma, atakuwa wa kwanza kupiga kelele watu wajihadhari. Kama alimwachia ili yeye abaki safi, atanyamaza.

Huyo mwenzako wa zamu nyingine, ana mwandiko mdogo wa kulalia kushoto kama wako? Nauliza tu.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa ukimya. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naanza barua na kuchana.

Mama mmoja anayefagia soko amekufa tarehe 22 Aprili kwa kichaa cha mbwa. Alikuwa mjane, ana binti mmoja mkubwa anayeuza vitambaa. Siku mbili za mwisho hakuweza kumeza maji, hata kuyaona kwenye glasi. Mbwa aliyemuuma alikuwa ameshapigwa mawe na wapagazi mwezi Machi, na shingoni alikuwa na bati la ofisi yetu, namba arobaini na moja. Daftari linasema arobaini na moja alikufa kwa sindano tarehe 11 Februari, na dole gumba la Bwana Pole liko pale. Wamemkamata. Wanasema alimuuza mbwa kwa mwenye mbwa, na dawa ya sindano akaimwaga.

Kazini hatuongei. Bwana Afya, mkubwa wetu, amenikabidhi kazi ya kunakili kurasa zote za Februari kwa ajili ya polisi. Nanakili vizuri, hakuna hata herufi iliyofutwa.

Usimsomee Baba barua hii. Nakuomba na jambo lingine: kama kuna habari yoyote mbaya huko, ikae kwanza. Usiku na mchana nimekuwa kama mtu anayezama akashika unyasi. Niambie tu Baba ni mzima. Nikijua yuko pale kitandani kwake, nitapita hapa.

Kaka yako


24 Mei

Kaka,

Shikamoo na pole. Barua yako imefika juzi.

Baba anakusalimu. Hakohoi tena. Hana la kuongeza.

Hapa kuna kazi nyingi, naandika kwa haraka. Kula, Kaka. Na niambie ukweli kuhusu huyo mwenzako.

Mdogo wako


17 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Baba. Nimefurahi kifua kimemwachia. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama ngazini, nikaurudia mstari ule mmoja wa Baba kama mara kumi.

Unajua tayari, lakini niandike. Hakuna mwenzangu. Ni mimi. Tarehe 11 Februari, saa kumi na moja jioni. Shajara yangu ya siku hiyo inasema: "Nimemfungulia 41. Hakukimbia, alisimama barabarani akanitazama, ikabidi nimfukuze." Bwana Pole hakujua chochote. Yeye hahesabu mbwa, mimi ndiye ninayewaleta.

Jumamosi nilimtembelea mahabusu. Nilipanga kumwambia. Amekonda, wamemnyoa, nywele zake kumbe zilikuwa zinaficha kovu. Akaniuliza, "Karani, kitabu kinasemaje?"

Nikasema, "Kinasema ulimdunga."

Akapapasa lile kovu. "Basi nilimdunga. Labda dawa ilikuwa mbovu, akaamka. Waambie waangalie dawa." Kisha akanishukuru kwa kuja, kwa sababu wengine wa ofisini hawajafika.

Nikaondoka. Kesi ni tarehe 9 Agosti.

Sasa nisikilize kabla hujanihukumu. Nikisimama mahakamani, jina la Baba litasimama pamoja nami. Mtu aliyesoma maandiko hekaluni miaka thelathini, mwanawe ameua mjane kwa mbwa na kumtupia kesi mtu asiyejua kusoma. Kifua kile hakitastahimili. Itakuwa nimemuua na yeye. Si alitufundisha mwenyewe kwamba ukweli ukitamkwa ili kuumiza ni kisu kama visu vingine? Bwana Pole ana nguvu, ataishi. Wanasema miaka miwili, pengine mitatu. Nimepima mizani pande zote na sijaona njia yenye madhara madogo kuliko kunyamaza, angalau Baba akiwa hai. Baadaye nitasema. Naapa nitasema.

Usikasirike. Nijibu.

Kaka yako


8 Julai

Kaka,

Leo siandiki salamu. Keti kwanza.

Baba amefariki tarehe 12 Mei, saa nne asubuhi. Nilikuwa namkalisha anywe uji. Moto wa kuuchoma mwili amewasha Baba Mdogo, kwa sababu wewe uliye mwana mkubwa hukuwepo, na siku nane za safari haziwezi kuwa siku moja.

Barua ya kukueleza nilikuwa nimeshaiandika. Ilikaa mezani siku tisa, sikuwa na nguvu za kwenda posta. Kisha ikaja ya kwako ikisema habari mbaya ikae kwanza. Nikaichoma yangu. Nikaandika "Baba anakusalimu", nikajiambia nakuepusha na maumivu. Nilijiona mpole kweli. Nilijiona binti wa Baba.

Ona nilichofanya. Umechukua maiti ya Baba ukaiweka mlangoni kwako ili ukweli usitoke, na mimi ndiye niliyeishikilia isimame. Wiki tano mtu amekaa ndani kwa sababu mimi sikutaka uumie. Kama ningeposta ile barua ya kwanza, mahabusu siku ile ungesema nini? Sijui. Usiniambie.

Na jambo la mwisho, kwa kuwa leo sifichi. Baba alijua. Aliposikia kisa mara ya pili alisema, "Huyo ni kijana wangu. Mwenzake hawezi kukumbuka sikio lililochanika." Nilimuuliza kama amekasirika. Akasema hapana, anaogopa. Nilidhani anaogopa kwa ajili ya mbwa.

Umesema utasema Baba akiwa hayupo. Hayupo.

Mdogo wako


4 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika tarehe 28 Julai mchana. Sikurudi kazini siku ile. Nimeosha sakafu ya chumba chote, sijui kwa nini. Asubuhi yake nilichukua shajara nikaenda kwa Bwana Afya.

Alisoma ukurasa wa 11 Februari, akaufunga. Akasema, "Wewe una elimu, una miaka mbele yako. Yule mzee kesi yake imeshakaa vizuri. Daftari la nyumbani linaweza kupotea, si mali ya ofisi." Alisema kwa upole sana. Nilimshukuru, nikavuka barabara hadi kituo cha polisi.

Huko nilitoa na ukurasa mwingine ambao hata wewe sikukuandikia. Ni wa 16 Machi. Siku ile mpagazi mmoja aliniletea bati namba arobaini na moja likiwa na damu, akasema mbwa alikuwa anatoa povu, na kabla hawajampiga alimgusa mama mfagizi kidogo mguuni. Alisema hivyo, kidogo. Siku ile mama yule angechomwa sindano za kinga angekuwa anafagia mpaka leo. Niliweka bati kwenye droo. Nilijiambia sindano ni nyingi na zinauma, nimtese mama wa watu kwa mkwaruzo wa nini. Tarehe 18 nilikwenda sokoni kumtazama. Alikuwa anafagia upande wa mboga, anachechemea kidogo, anagombana na mtu juu ya maganda ya vitunguu. Nikarudi nimeridhika. Barua yako yenye swali la Baba ilifika wiki tatu baadaye, na yeye alikuwa bado mzima, na jibu nililijua, na sikumwandikia mtu. Mpagazi alipotaja bati baada ya kifo, nilisema nilidhani ni la zamani lililookotwa, kwa kuwa kitabu kilionyesha mbwa amekufa.

Ndiyo maana sikuweza kumwambia Bwana Pole. Mbwa ningeweza kumweleza. Droo, hapana.

Wamemwachia tarehe 2. Alipita korido nikiwa nimekaa kwenye benchi na askari. Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu huruma, na dini yetu, na jinsi nisivyoweza kuona kiumbe kikifa. Aliyasikiliza yote, ameshika mfuko wa nguo zake.

"Ulifikiri mimi nadunga kwa nini, Karani?" akasema. "Nadunga ili mama kama yule afagie soko lake."

Hakupandisha sauti. Akamuuliza askari mlango ni upi, akatoka.

Binti wa marehemu ataletwa kutoa ushahidi siku ya kesi. Sijui nitamwambia nini. Nimeamua nisiandae.

Niko kwenye chumba chenye watu kumi na mmoja na ndoo moja. Shajara wameichukua, ni kielelezo, kwa hiyo tarehe nauliza watu. Kuhusu ulichofanya mwezi wa Mei, nimekitafakari, na siwezi kukulaumu wala siwezi kukwambia si kitu. Tumelelewa chini ya paa moja, tumejifunza kosa moja.

Sasa niandikie kuhusu Baba. Kama aliniita na kwa jina gani. Uji aliumeza au ulimtoka. Kuni zilikuwa kavu, au Baba Mdogo alilazimika kuwasha mara mbili. Uso wake ulikuwaje. Hapa barua hufunguliwa na afisa kabla hazijatufikia, naye husoma kwa sauti kwa wenzake, na wengine hucheka. Andika hivyo hivyo. Usipunguze kitu.

Kaka yako